Chuo, Kujifunza Mwenyewe au Kazi Jirani: Njia Tatu za Kuingia Kwenye Utengenezaji wa Gemu Ukiwa Arusha au Moshi

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wengi wa Arusha na Moshi wanaopenda gemu huuliza swali lilelile: nikitaka kutengeneza michezo ya kompyuta na kuishi kwa kazi hiyo, nianzie wapi? Wengine wameambiwa na wazazi wasome shahada kwanza. Wengine wameangalia video za YouTube zinazodai kwamba chuo ni kupoteza muda. Wapo pia ambao tayari wanachora mabango au wanahariri video za harusi, na wanataka kujua kama wanaweza kuhamia kwenye gemu bila kurudi darasani. Kila kundi lina hoja za kweli, na ndiyo sababu kijana mwenye akili timamu anaweza kukwama miezi mingi bila kuamua.

Makala hii inalinganisha njia tatu. Ya kwanza ni chuo, yaani shahada au stashahada ya masuala ya kompyuta. Ya pili ni kujifunza mwenyewe nyumbani kwa kompyuta na intaneti. Ya tatu nimeiita kazi jirani: kuanza na kazi inayolipa na inayofanana na gemu, kama vile uchoraji wa kompyuta, katuni, uhariri wa video, urekodi wa sauti au utengenezaji wa tovuti, kisha kusogea kuelekea gemu hatua kwa hatua.

Nitazipima zote kwa vigezo vitano: gharama, muda na nidhamu, kina cha maarifa, kazi unayobaki nayo mkononi, na riziki. Kigezo cha nne nakipa uzito kuliko vingine, na ni haki nieleze sababu mapema. Studio ya gemu inapotafuta mtu, iwe Nairobi, Lagos au Cape Town, huomba kuona alichokwisha kutengeneza. Gemu ndogo iliyokamilika, yenye mwanzo, mwisho, sauti na kitufe cha kuanza upya, inamweleza mtu vizuri kuliko gemu kubwa iliyoishia njiani, kwa sababu nusu ya pili ya kazi ndiyo yenye marekebisho ya kuchosha ambayo wengi huyakimbia. Kwa hiyo kila njia nimeiuliza kama inamfikisha mtu kwenye gemu iliyokamilika.

Gharama

Chuo ndicho chenye gharama kubwa zaidi. Ada ya shahada katika vyuo vingi vya umma huzidi shilingi milioni moja kwa mwaka, kabla ya chakula, malazi na nauli. Anayeishi kwao ana nafuu kubwa, kwa kuwa Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro kina shahada ya sayansi ya kompyuta, Chuo cha Ufundi Arusha kina masomo ya teknolojia ya habari, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina shahada ya TEHAMA inayoelekea kwenye biashara. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru hutajwa sana watu wanapozungumzia teknolojia Arusha, lakini hiyo hufundisha uzamili na uzamivu, hivyo si mlango wa anayetoka kidato cha sita. Mkopo wa Bodi ya Mikopo unasaidia, ila ni deni ambalo baadaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na familia ilijue hilo kabla ya kusaini.

Kujifunza mwenyewe husemwa kuwa ni bure, jambo ambalo si kweli. Utahitaji kompyuta mpakato yenye kumbukumbu (RAM) ya angalau gigabaiti 8, ambayo hata iliyotumika inagharimu laki kadhaa, na utahitaji bando la uhakika. Hapa ndipo uchaguzi wa injini ya gemu, yaani programu kuu ya kuundia mchezo, unapogusa mfuko moja kwa moja. Godot, iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina na kuachiwa huru kwa umma mwaka 2014, haifiki megabaiti 200 kuipakua na inafanya kazi kwenye kompyuta za kawaida. Unity ni ya gigabaiti kadhaa, na ukiongeza vifaa vya kutengenezea gemu za Android mzigo unakuwa mkubwa zaidi. Unreal ya kampuni ya Epic Games hula makumi ya gigabaiti, na Epic wenyewe wanapendekeza kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 32. Kwa kijana anayenunua bando la wiki, tofauti hiyo inaweza kuamua kama ataanza leo au mwakani.

Masharti ya leseni nayo yasomwe. Godot haidai malipo yoyote. Unity hutumika bure mpaka mapato yako yafikie dola 200,000 kwa mwaka, na Unreal huchukua asilimia 5 baada ya gemu kuingiza dola milioni moja. Viwango hivyo viko mbali na anayeanza, lakini mambo hubadilika: Septemba 2023 Unity ilitangaza kwamba itatoza ada kila gemu inapopakuliwa na kusakinishwa, watengenezaji wakapinga kwa nguvu, na ada hiyo ikafutwa kabisa Septemba 2024. Anayejenga maisha yake juu ya chombo cha mtu mwingine lazima afuatilie habari kama hizo.

Kazi jirani, kwa upande wake, inakulipa wakati unajifunza, na programu zake muhimu kama Blender ya michoro ya pande tatu, Krita ya uchoraji na Audacity ya sauti ni za bure. Gharama yake ni uchovu, kwa kuwa unafika nyumbani jioni macho yamechoka na kompyuta nzuri umeiacha ofisini kwa mwajiri.

Muda na nidhamu

Chuo kina ratiba. Miaka mitatu ya shahada ina mitihani, marafiki wa kusoma nao na tarehe za kukabidhi kazi, na kwa mtu asiyeweza kujisukuma hiyo ni faida kubwa kuliko hata mihadhara yenyewe.

Anayejifunza mwenyewe hana wa kumuuliza, na huko ndiko wengi wanakoangukia. Karibu kila anayeanza hutaka mji mzima wa Arusha ndani ya kompyuta, wenye magari, polisi, misheni na wachezaji wengi mtandaoni. Baada ya miezi michache ana mtaa mmoja usio na milango na gari linalopita katikati ya kuta, kisha anaacha. Dawa ninayoiamini ni matukio ya kutengeneza gemu kwa muda mfupi. Global Game Jam hufanyika kila Januari tangu 2009, na Ludum Dare ina shindano ambalo mtu anatengeneza gemu peke yake kwa saa 48. Ukilazimika kumaliza Jumapili jioni, unajifunza kupunguza. Unaondoa magari, unaondoa polisi, unabaki na mpira mmoja na ukuta, na huo mpira unaufanya uwe mzuri.

Kazi jirani ni ya mwendo wa polepole. Mtu anaweza kutumia miaka miwili akipata saa chache tu kwa wiki za gemu, na asipojiwekea siku maalumu kazi ya wateja itazimeza zote.

Kina cha maarifa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tofauti za njia hizi zinapoonekana kwa macho.

Chukua mfano wa mhusika anayekimbia kuelekea kulia. Kijana anayefuata video ataandika kwamba kwenye kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, mhusika asogee pikseli (nukta za skrini) 5. Kwenye kompyuta yake inayochora fremu 60 kwa sekunde, mhusika anasogea pikseli 300 kwa sekunde na kila kitu kinaonekana sawa. Anampa rafiki yake mwenye simu ya bei nafuu inayomudu fremu 30 tu, na mhusika yuleyule anatembea nusu mwendo kama mgonjwa. Suluhisho ni kutaja kasi kwa sekunde, yaani pikseli 300, kisha kuizidisha kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Kwenye mashine ya haraka, 300 mara moja ya sitini inatoa 5. Kwenye simu ya taratibu, 300 mara moja ya thelathini inatoa 10. Wote wawili wanafika mwisho wa skrini kwa wakati mmoja.

Sasa mfanye mhusika huyo aruke. Kasi ya kwenda juu inapungua kila fremu kwa sababu ya mvutano, na hiyo ni fizikia ileile ya sekondari: kasi ya mwisho ni sawa na kasi ya mwanzo kujumlisha mchapuko mara muda. Lakini hata ukizidisha kwa muda, urefu wa mruko unaweza kutofautiana kidogo kati ya mashine na mashine, kwa kuwa hatua kubwa za muda zinakosea zaidi kuliko ndogo. Ndiyo maana injini huendesha hesabu za fizikia kwa hatua zisizobadilika, Godot mara 60 kwa sekunde na Unity mara 50 kwa sekunde zisipobadilishwa mipangilio, hata kama skrini inachora kwa kasi nyingine.

Aliyepita chuoni ana nafasi nzuri ya kuelewa sababu ya haya yote, kwa kuwa amesoma hisabati, vekta, algoritimu na jinsi kompyuta inavyogawa muda wake. Upungufu ni kwamba hakuna mhadhiri atakayempa alama kwa mruko unaopendeza, na sehemu kubwa ya mtaala itakuwa hifadhidata, mitandao na mifumo ya ofisi. Aliyejifunza mwenyewe anajua suluhisho haraka, mara nyingi siku hiyohiyo, lakini huenda asijue kwa nini linafanya kazi. Mradi ukikua, kutojua huko kunamrudia, na lazima arudi kusoma hisabati aliyoiruka.

Wa kazi jirani anajua mambo ambayo hao wawili hawana. Mchora katuni anajua kwamba mtu anayetembea huchorwa kwa mikao michache inayojirudia: kisigino kinagusa, mwili unashuka, mguu wa nyuma unapita wa mbele, mwili unapanda. Mkao wa kushuka ukikosekana, mhusika anaonekana kuelea kana kwamba hana uzito, na hakuna msimbo, yaani maandishi ya programu, wa kurekebisha hilo. Mchoraji wa mtindo wa Tingatinga anayeuza picha kwa watalii ana jicho la rangi ambalo waandishi wengi wa programu hawatalipata. Mrekodi sauti wa redio anajua ukimya unapaswa kukaa wapi. Studio zinawahitaji watu hawa kama zinavyowahitaji waandishi wa msimbo, na naona uchungu vijana wenye vipaji hivyo wanapojitoa mapema kwa kudhani kwamba gemu ni hesabu tupu.

Kazi unayobaki nayo mkononi

Chuo kinakupa cheti, na pia mradi wa mwaka wa mwisho ambao wengi huupoteza kwa kutengeneza mfumo wa maktaba au wa mahudhurio. Ukipanga mapema na msimamizi wako, mradi huo unaweza kuwa gemu ya kufundishia. Msimamizi akiona gemu si kitu cha maana, mfano wa Tanga unatosha. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, ambazo kwa sehemu kubwa zimeundwa kama michezo, zilijaribiwa kwenye tableti katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga. Mwaka 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya onebillion ya Uingereza na timu ya Kitkit School. Watoto walikuwa wetu na lugha ilikuwa yetu. Natamani sana kazi ya aina hiyo ijayo itoke kwenye maabara ya chuo cha hapa, na sioni kwa nini isiwezekane.

Njia ya kujifunza mwenyewe, ikifuatwa kwa nidhamu, ndiyo inayoacha gemu nyingi zaidi mkononi. Mtandao wa itch.io unakuwezesha kuweka gemu bila malipo. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu, na akaunti mpya za watu binafsi hutakiwa kwanza kufanya majaribio na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Sharti hilo linawakera wengi, lakini mimi naliona kama msaada. Watu 12 wenye simu za Tecno, Infinix na itel wanapatikana kwenye mtaa mmoja wa Sombetini au Pasua, na siku hizo 14 zitakufundisha kuhusu kumbukumbu ndogo ya simu na maandishi yasiyosomeka juani kuliko kozi yoyote. Steam, duka la mtandaoni la wanaotengeneza gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu na kuzirudisha gemu ikishaingiza dola 1,000.

Kazi jirani inakuacha na kazi halisi za wateja, zenye ubora, lakini si gemu. Inabidi uzitafsiri: badala ya nembo ya kampuni ya utalii, onyesha mhusika mmoja mwenye mikao yake yote; badala ya tangazo la redio, onyesha sauti za nyayo kwenye changarawe, kwenye majani na kwenye sakafu ya mbao. Njia fupi ni kuungana na mwandishi wa msimbo mmoja na kumaliza gemu moja pamoja.

Riziki

Hapa wazazi wana haki ya kuambiwa ukweli. Tasnia ya gemu duniani imepitia kipindi kigumu. Januari 2024 pekee, Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu na Unity ikatangaza kupunguza takribani 1,800, na mwezi uliofuata Sony ikatangaza kuwaondoa karibu 900 upande wa PlayStation. Nafasi ya kazi ya mbali inayotangazwa leo inagombewa pia na watu wenye uzoefu wa miaka kumi.

Barani Afrika studio zipo na zinafanya kazi nzuri. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa gemu yake ya kwanza kubwa Aprili 2016 baada ya kuchangisha fedha kwa watu wa kawaida. Nyamakop ya Afrika Kusini ilitoa gemu yake kwenye Nintendo Switch mwaka 2018. Maliyo Games iko Lagos, na Leti Arts ilianzishwa mwaka 2009 ikiwa na mizizi Ghana na Kenya. Karibu na sisi zaidi, shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, limeonyesha kwamba katuni za kufundishia watoto kwa Kiswahili zinaweza kuwa ajira. Hata hivyo nafasi ni chache, na anayeanza akiwa Arusha au Moshi ajue kwamba kwa miaka ya mwanzo kitu kingine ndicho kitakachomlisha.

Cheti cha chuo kinafungua milango ya benki, halmashauri, mashirika na shule, na mwenye kazi ya mshahara anaweza kutengeneza gemu usiku bila njaa. Aliyejifunza mwenyewe hutegemea kazi ndogondogo za mtandaoni. Kabla ya kukubali ya kwanza, ahakikishe benki yake inapokea fedha kutoka nje na kwa makato gani. Wa kazi jirani ana riziki tangu siku ya kwanza, na katika miji yetu ana jambo moja la ziada. Kampuni za utalii zinahitaji picha, video na tovuti wakati wa msimu, lakini masika yakiingia, Machi hadi Mei, watalii hupungua na kazi nazo hupungua. Miezi hiyo mitatu, ikiwa akiba imewekwa, inatosha kumaliza gemu ndogo.

Kwa kila hali, pa kuanzia

Ukiwa na ufaulu mzuri wa hisabati, una uhakika wa ada au mkopo, na unajijua kwamba bila ratiba husongi mbele, chuo kinakufaa. Anza gemu ndogo ndani ya likizo ya kwanza, usisubiri mwaka wa tatu, kwa sababu aliyehitimu bila gemu hata moja atapangwa mstari mmoja na wote wenye cheti kama chake.

Ukiwa na kompyuta lakini huna ada, au ufaulu haukutosha, kujifunza mwenyewe kunakufaa iwapo tu utajiwekea mwisho wa kila kitu. Kwa kompyuta dhaifu na bando dogo, anza na Godot. Ukilenga kuajiriwa kwenye studio za gemu za simu, hamia Unity pindi kompyuta itakaporuhusu, kwa kuwa nyingi huitumia. Unreal iache mpaka upate mashine inayoiweza.

Ukiwa tayari unachora, unahariri au unarekodi, usiache kazi hiyo. Chagua siku mbili za wiki ziwe za gemu na umtafute mwenzako anayeandika msimbo, hata kama ni mwanafunzi wa Njiro ambaye michoro yake inatisha. Yeye anakuhitaji kama wewe unavyomhitaji.

Ukiwa na familia inayokutegemea, riziki itangulie: kazi jirani, au stashahada fupi inayoajirika, na gemu pembeni mpaka itakapolipa yenyewe.

Ukiwa chuoni tayari na kozi isiyokuridhisha, hesabu muda uliobaki. Uliyebakiza mwaka mmoja, maliza na uufanye mradi wa mwisho uwe gemu. Uliye muhula wa kwanza na unabebwa na mkopo unaokuogopesha, zungumza na mshauri wa wanafunzi kuhusu kuhamia kozi ya kompyuta kabla ya kufikiria kuacha.

Na ukiwa mzazi unayesoma kwa niaba ya mwanao, usianze na hofu ya vibanda vya PlayStation wala ya kubeti, kwa sababu kutengeneza gemu ni kazi tofauti na vyote viwili. Mwombe akuonyeshe kitu alichotengeneza mwenyewe, hata kiwe mraba unaoruka juu ya mstari. Kama kipo, kaa naye mzungumze ada, kompyuta au muda. Kama hakipo, mpe mwezi mmoja wa kukitengeneza kabla ya kulipia chochote.